Mwenye Kipaza Sauti Siye Mwenye Kengele: Nani Huamua Nini Katika Shindano la Tahajia

Katika shindano la tahajia la shule za msingi lililofanyika hapa Tabora, nikiwa nimeketi safu ya tatu miongoni mwa wazazi, binti mmoja wa darasa la tano alisomewa neno, akalitaja herufi moja moja bila kusita, na mshereheshaji akapaza sauti: "Safi kabisa!" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Makofi hayajatulia, kengele ikalia kutoka meza ya majaji, na binti akaonyeshwa kiti cha pembeni, kile wanachokalia waliotoka. Mama yake akasimama na kuuliza swali ambalo wengi wetu tulikuwa nalo mdomoni: "Mwalimu, huyu aliyeshika kipaza sauti amesema mtoto amepata. Sasa huyo anayegonga kengele ni nani?"

Swali hilo halikujibiwa ukumbini. Lilitoka nje na watu, likazungumzwa siku kadhaa katika vijiwe vya bodaboda na kwenye mabaraza ya Isevya na Ng'ambo, na kila lilipopita liliongezewa tuhuma: kwamba msomaji alikuwa na mtoto wake, kwamba majaji walishapanga mshindi, kwamba mgeni rasmi alikuwa na uwezo wa kumrudisha yule binti ila hakutaka. Sehemu kubwa ya tuhuma hizo ilitokana na jambo moja tu, nalo ni kwamba watu hawakuwa wameelezwa kazi za wale waliokaa mbele. Makala haya yanakusudia kuzieleza kazi hizo.

Tuanze na maneno yenyewe. Tahajia ni namna neno linavyoandikwa kwa herufi zinazokubalika, ambayo ni tofauti na matamshi, yaani namna neno linavyosikika. Shindano la tahajia ni shindano ambalo mtoto husomewa neno asiloliona popote, kisha akalitaja kwa sauti herufi baada ya herufi mbele ya watu. Akikosea, hutoka, akipatia, husubiri zamu yake irudi. Mchezo huu ulikomaa Marekani, ambako shindano la kitaifa lilianza mwaka 1925 na mshindi wake wa kwanza, Frank Neuhauser, mvulana wa miaka 11, alishinda kwa kutaja herufi za neno "gladiolus", ambalo ni jina la ua. Tangu mwaka 1941 shindano hilo limekuwa chini ya kampuni ya Scripps, na mengi katika kanuni zinazotumika leo kwenye shule zetu yametoka huko.

Hapa Tabora, mkoa wa asali, kuna dhana moja inayofaa kusahihishwa mapema. Kwa Kiingereza shindano hili huitwa "spelling bee", na kwa kuwa "bee" ni nyuki, baadhi ya shule zetu hupamba ukumbi kwa michoro ya mizinga na kuwaeleza watoto kwamba jina hilo linasifu bidii ya mdudu huyo. Michoro inapendeza, lakini maana inayohusika ni nyingine. Katika Kiingereza cha Marekani neno hilo lilitumika pia kwa mkusanyiko wa majirani wanaofanya kazi moja kwa pamoja, kama kumenya mahindi au kushona mablanketi, na wataalamu wa lugha hulihusisha na neno la kale lenye maana ya ombi, au msaada ambao majirani humpa mwenzao. Kwa lugha yetu tungesema ni msaragambo wa tahajia. Naona jina hilo linaeleza vizuri zaidi kinachotendeka ukumbini, kwa sababu katika msaragambo kila mtu huja na jembe lake na kila mtu hupewa tuta lake.

Matuta ya ukumbi wa tahajia ni haya. Kuna mshereheshaji, ambaye wengi humwita emsii. Kuna msomaji wa maneno. Kuna majaji, ambao idadi yao inafaa iwe witiri, mara nyingi watatu, ili wasigawanyike nusu kwa nusu. Kuna mtunza muda na kuna karani anayeandika kila herufi inayotajwa. Nyuma yao, bila kuonekana, kuna kamati ya maneno. Mtu wa mpira ataelewa upesi akiukumbuka Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi siku ya mechi: mtangazaji anaweza kupiga kelele za goli mpaka sauti ikauke, lakini ikiwa mshika kibendera amenyoosha kibendera na refa amekubaliana naye, goli hakuna. Hakuna shabiki anayedai kwamba goli lihesabiwe kwa sababu mtangazaji alilitangaza. Katika shindano la tahajia tunadai hivyo kila mara, kwa kuwa mtangazaji wetu anasimama ndani ya uwanja, karibu kabisa na mtoto, na ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Mshereheshaji, basi, hana mamlaka yoyote juu ya herufi. Kazi yake ni kuwakaribisha watu, kumtambulisha mtoto, kumtuliza anayetetemeka, na kuujaza ukimya wakati majaji wanashauriana. Ni kazi ngumu, na mshereheshaji mzuri huonekana kwa mambo anayojizuia kuyafanya: harudii neno lililosomwa na msomaji, kwa sababu akilitamka tofauti kidogo mtoto atakuwa amesikia maneno mawili, hatikisi kichwa mtoto anapotaja herufi, na hasemi "safi" kabla majaji hawajatoa ishara yao. Yule wa kwetu alikuwa kijana mchangamfu, aliyezoea sherehe za harusi na kipaimara, ambako kusifu ni sehemu ya kazi. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Hakuna aliyemweleza kwamba ukumbi huu sifa zake husubiri kengele.

Mgawanyo huu unaonekana wazi hata kwenye shindano kubwa la Marekani. Mwaka 2022 mshereheshaji wa fainali yake alikuwa mwigizaji LeVar Burton, mtu anayejulikana nchi nzima, lakini maneno yalisomwa na Jacques Bailly, mwalimu wa lugha za kale katika Chuo Kikuu cha Vermont, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa shindano hilo mwaka 1980 na amekuwa msomaji mkuu tangu mwaka 2003. Burton, pamoja na umaarufu wake wote, hakuweza kumtoa wala kumrudisha mtoto yeyote. Na Bailly, pamoja na elimu yake yote, husoma tu. Uamuzi wa kwamba herufi ni sahihi au si sahihi hutoka meza ya majaji.

Kazi ya msomaji inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu lawama nyingi humwangukia yeye na baadhi yake ni za haki. Msomaji hupewa karatasi yenye neno, matamshi yake, aina yake, maana yake na sentensi moja ya mfano. Analitamka neno, mtoto akiomba, analirudia, anataja maana, anasoma sentensi, na kwa maneno ya kigeni anataja lugha lilikotoka. Wapo wazazi wanaodhani mtoto anayeuliza anavuta muda au hakujiandaa. Kuuliza ni haki iliyoandikwa kwenye kanuni, na ndiyo ngao kubwa aliyo nayo mtoto. Fikiria neno "zana" likitamkwa na mtu ambaye ulimi wake haujazoea sauti ya dh: "zana" na "dhana" vitasikika kitu kimoja, na mtoto asipouliza maana atalazimika kubahatisha kati ya jembe na wazo. Ndivyo ilivyo pia kwa samani na thamani, kalamu na karamu, mahali na mahari, kula na kura. Lugha nyingi za Kibantu hazitofautishi l na r kama Kiswahili kinavyofanya, na sauti za dh, th na gh zimeingia katika Kiswahili zaidi kupitia maneno yenye asili ya Kiarabu. Kwa hiyo mtu aliyelelewa kwa lugha ya nyumbani anaweza kuzichanganya bila kujitambua, hata akiwa mwalimu mwenye vyeti.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba shindano la tahajia ya Kiswahili halina maana kwa kuwa Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa. Kauli hiyo ni kweli kwa anayetamka sanifu. Kwa mtoto anayesikia "fahali" pale msomaji alipokusudia "fahari", uaminifu wa maandishi yetu kwa sauti ndio unaomponza, kwa kuwa ataandika hasa kile alichokisikia. Hivyo msomaji huchaguliwa kwa matamshi yake kabla ya cheo chake, hupewa orodha mapema aifanyie mazoezi, na majaji humsikiliza yeye kwa makini sawa na wanavyomsikiliza mtoto.

Je, msomaji anaweza kumpendelea mtu kwa kumpa neno jepesi? Ikiwa kazi imegawanywa vizuri, hawezi. Maneno huchaguliwa na kamati ya maneno siku nyingi kabla, hupangwa kutoka mepesi hadi magumu, na karatasi hufungwa mpaka siku ya shindano. Msomaji hushuka nayo kutoka juu kwenda chini bila kuruka, kama karani anavyoita namba za foleni: namba ikikuangukia ni yako, uwe mtoto wa mkurugenzi au wa muuza karanga. Kamati hiyo pia hutangaza mapema ni kamusi ipi itakayokuwa na kauli ya mwisho. Kwa Kiswahili inaweza kuwa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1981, au Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015. Marekani hutumia kamusi kubwa ya Merriam-Webster. La muhimu ni kwamba iwe moja na ijulikane, kwa sababu kamusi mbili zinaweza kutofautiana juu ya neno moja, na hapo kila mzazi atakuja na yake kwapani.

Kamati ya maneno inaweza kukosea kwa namna nyingine, ambayo ni kuwadharau watoto. Mwaka 2019, katika fainali ya Marekani, watoto walipatia raundi baada ya raundi mpaka Bailly akalazimika kuwatangazia kwamba orodha inakaribia kuishiwa maneno ya kuwashinda. Raundi ya 20 ilipokwisha, watoto wanane walitangazwa mabingwa kwa pamoja. Baada ya hapo waandaaji waliongeza maswali ya maana za maneno na raundi maalumu ya kasi ya sekunde 90 ya kuamua mshindi pale inapobidi.

Sasa tufike kwenye meza yenye kengele. Majaji hufanya mambo matatu kwa wakati mmoja: wanahakikisha msomaji ametamka sawa, wanasikiliza kila herufi, na wanalinganisha na karatasi iliyo mbele yao. Kengele yao ni habari kwamba herufi hazikulingana na kamusi. Haina hasira wala fedheha. Wasomaji waliohudhuria mashindano ya kuhifadhi Qur'an watakuwa wanaijua kengele ya aina nyingine, ile inayomzindua msomaji ili ajirekebishe na kuendelea. Naamini mazoea hayo yanachangia mkanganyiko wetu, kwa sababu katika tahajia kengele haimpi mtoto nafasi ya kujirekebisha. Anaruhusiwa kusimama katikati na kuanza upya kabla ya kumaliza, lakini herufi alizokwisha kuzitaja lazima azirudie zilezile na kwa mpangilio uleule. Aliyesema k-a-r hawezi kurudi na kusema k-a-l. Kanuni hiyo huonekana kali, lakini bila hiyo mtoto angeweza kujaribu kila herufi huku akichungulia nyuso za majaji.

Kuna tatizo moja ambalo vitabu vya kanuni vya Marekani haviligusi, kwa kuwa kwao halipo, ila kwetu linawatoa watoto wasio na kosa. Ni majina ya herufi. Mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili huita herufi a, e na i kwa sauti zake zenyewe. Mtoto wa shule inayofundisha kwa Kiingereza huiita a "ei", huiita e "i", na huiita i "ai". Wakutanishe hao wawili jukwaani, kisha mmoja aseme "i" katikati ya neno: jaji ameandika herufi gani? Ikiwa jaji hajui mtoto anatumia mtindo upi, anaweza kumtoa aliyepatia na kumbakiza aliyekosea, bila upendeleo wowote moyoni mwake. Vivyo hivyo na ng' yenye ritifaa. Mtoto anayetaja neno "ng'ambo" aseme nini anapofika kwenye ile alama? Akiiacha, je, ametoka? Na ch ni herufi moja inayoitwa "che" au ni mbili? Haya yote huamuliwa kabla ya mtoto wa kwanza kusimama, yanasomwa kwa sauti mbele ya wazazi, na kila mtoto hutamka alfabeti yake mara moja mbele ya majaji ili masikio yao yamzoee. Zoezi hilo huchukua dakika chache sana. Sijaona shindano hapa mkoani linalolifanya, na ningeomba sana walimu walianzishe.

Kuhusu mgeni rasmi niseme kwa ufupi. Yeye hufungua, hutoa nasaha, hukabidhi zawadi. Afisa elimu akiwa ndiye mgeni rasmi, cheo chake ofisini hakimfanyi kuwa jaji ukumbini, na wanaomfuata kitini kumwomba amrudishe mtoto humweka katika hali ngumu bila faida.

Kilicho kizito zaidi ni hali ya shule ndogo, zile za vijijini Sikonge au Uyui, ambako mwalimu mmoja huandaa maneno, huyasoma, huamua, na bado huwachekesha wazazi. Simlaumu mwalimu huyo. Mara nyingi bila yeye watoto wasingekuwa na shindano kabisa. Lakini mtu mmoja hawezi kusikia kosa la matamshi yake mwenyewe, na mzazi mwenye malalamiko hana wa kumwendea isipokuwa yule yule anayemlalamikia. Watu watatu wanatosha: mmoja asome, mmoja asikilize na kugonga kengele, mmoja atunze muda na kuandika herufi. Ukipungukiwa na watu, acha mshereheshaji, usiache jaji. Watoto wanaweza kuitwa kwa majina na karani bila mbwembwe. Na jaji mwenye mtoto, mpwa au mwanafunzi wa masomo ya ziada katika shindano hilo akae kando mapema, kabla jina la mtoto huyo halijaitwa.

Majaji nao hukosea, na ndipo kanuni ya rufaa inapoingia. Katika fainali ile ya mwaka 2022, msichana Harini Logan wa Texas alitolewa kwa swali la maana ya neno. Majaji wakachunguza upya, wakaona kwamba jibu lake linaweza kuhesabiwa sahihi, wakamrudisha jukwaani, na mwisho wa usiku yeye ndiye aliyekuwa bingwa. Kosa lilipatikana na kurekebishwa kwa sababu palikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kusikiliza tena.

Namna ya kukata rufaa haina utata. Mzazi au mwalimu mlezi hamfuati mshereheshaji, wala hamfuati msomaji, na hapazi sauti kutoka safu yake. Huenda kwa karani, hutaja jina la mtoto na neno lenyewe, na hueleza anachokilalamikia: matamshi, maana iliyotolewa kimakosa, au herufi zilizosikika vibaya. Majaji hulinganisha daftari la karani na walichoandika wao, na kama kuna simu iliyokuwa ikirekodi, huisikiliza. Ikithibitika kwamba msomaji ndiye aliyepotosha neno, mtoto husomewa neno jingine. Sharti ni moja la muda: rufaa ifike kabla zamu ya mtoto huyo haijarudi, kwa kuwa raundi ikishapita haiwezekani kuwarudisha nyuma watoto wengine wote.

Nilikuja kuelezwa na mmoja wa walimu waliokuwa kwenye meza ile kilichotokea siku ya yule binti. Neno lake lilikuwa "fahari", naye alitaja f-a-h-a-l-i. Jaji wa pili hakuridhika na matamshi ya msomaji. Wakaomba simu ya mwalimu aliyekuwa akirekodi, wakaisikiliza mara mbili wakiwa wameinamia meza, na wote watatu wakasikia "fahali". Wakakubaliana kwamba binti arudishwe na asomewe neno lililofuata kwenye orodha. Karani akatumwa safu ya wazazi kumwita. Mama, ambaye hakuna aliyekuwa amemjibu, alikuwa ameshamshika mwanawe mkono wakatoka na kupanda bajaji kurudi nyumbani. Walimsubiri mpaka zamu yake ilipofika, jina lake likaitwa mara tatu, kisha karani akapiga mstari kwenye neno alilotengewa na msomaji akaendelea na linalofuata.